Gari la Ami na Taka za Wengine

Kilichonishtua kwanza ni mlio wa mlango wa gari ukifungwa. Haukuwa mlio mkubwa: bati zito liligonga bati, kisha pakawa kimya. Mahali pengine popote nisingeinua kichwa. Lakini mlio ule ulitoka nyuma ya nyumba yetu, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na gari moja tu, pikapu ya marehemu Ami, ndugu yake baba, ambayo tangu afariki haijasogea hata shubiri. Magurudumu yake yalikwisha kuondolewa. Ilikaa juu ya mawe, katikati ya lundo la taka lililokuwa likipanda mwezi hata mwezi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia ndani yake, seuze kujifungia.

Nilikuwa nimerudi Pemba kuandika tasnifu yangu ya uzamili. Mada yake ilikuwa namna mabaraza ya miji midogo yanavyoweza kukabiliana na taka zinazotupwa ovyo, vifusi vinavyomwagwa kwa kujificha na magari yaliyotelekezwa. Alasiri ile nilikuwa dirishani nikiisahihisha fasili yangu ya gari lililotelekezwa: chombo ambacho mwenyewe amekiacha mahali pa watu wote bila nia ya kukirudia. Nilikuwa nimeridhika nayo. Ndipo mlango ukalia.

Nilifanya nilivyofundishwa kufanya, yaani nilipima kila uwezekano. Huenda ni upepo. Lakini siku ile haukuwapo. Huenda ni mbuzi. Lakini mbuzi hafungi mlango. Huenda ni mtu anayeiba vipuri. Lakini palikuwa hapana kipuri kilichobaki. Nilikuwa bado katika kufikiri nilipousikia mlio wa pili, mdogo zaidi: kiganja kikipiga kioo. Kilipiga, kikatulia, kikapiga tena.

Nilipotoka nje niliukuta moshi. Mtaani kwetu, kitambo kidogo kupita mtaa wa Jadida, lundo likishakuwa refu kupita kiasi hutokea mtu akalitia kiberiti, akaondoka zake. Moto ulikuwa upande wa mbali, ukila makumbi ya nazi na mifuko, na moshi wake mzito ulikuwa umelilalia gari. Nyuma ya kioo cha upande wa abiria niliuona mtandio mweupe wa chuo cha Kurani.

Mlango ule haufunguki kwa ndani. Haukufunguka kwa ndani hata Ami alipokuwa hai. Abiria wake alilazimika kuteremsha kioo, atoe mkono na kuufungua kwa nje, nasi watoto tukicheka. Sasa kioo hakiteremki. Mlango wa dereva nao ulikuwa umezibwa na kifusi hadi dirishani. Niliushika mkono wa mlango, ukagoma, nikauvuta kwa mikono yote miwili mpaka ukaachia, na mtoto akateremka akikohoa, juzuu kaikumbatia kifuani. Alikuwa binti mdogo wa Ami, wa darasa la pili, aliyekuwa akiishi na mama yake nyumba ya pili kutoka kwetu.

"Unafanya nini humu?" nikamuuliza.

"Namsomea baba."

"Katika moshi?"

Akanitazama kama mtu aliyeonewa. "Moshi haukuwapo nilipoanza."

Majirani walikuja na ndoo, moto ukazimwa. Mama yake akaja mbio, kanga imemponyoka begani. Mtoto akasomewa dua, akanyweshwa maji, akapelekwa nyumbani. Kila mtu alisema Alhamdulillahi, nami nilisema, kisha kila mtu akarudi kwake na gari likabaki pale pale. Hilo ndilo lililonitetemesha kuliko moshi wenyewe. Kwa siku nyingi baada ya hapo sikuweza kuandika sentensi ikafika mwisho. Mlango wowote ukifungwa, wa kabati, wa choo, nilisimama kusikiliza kama kitafuata kiganja.

Kwa nini gari libaki? Lazima nieleze, maana mgeni angedhani sisi ni watu tuliozoea uchafu, na si kweli. Nyua zetu hufagiwa kabla jua halijawa kali, na mtu akiacha jani mbele ya mlango wake husemwa.

Kwetu mtu akifariki, hitma husomwa, eda hukaliwa, na mirathi husubiri mtu wa kuitaja. Dini inataka igawiwe bila kuchelewa. Tabia yetu inataka asiwepo wa kuitaja kwanza, kwa sababu anayeitaja kwanza ndiye mwenye njaa ya mali ya maiti. Atasemwa misibani na harusini. Basi warithi hukaa kimya kwa heshima, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze, na kimya kile kikikaa sana hugeuka kuwa hofu. Ami aliacha mjane. Aliacha mabinti wawili: huyu mdogo, na mkubwa, mwalimu, anayeishi Gombani, mtoto wa mke wa kwanza aliyeachwa zamani. Kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, na baba yangu alimtangulia kufariki, kilichobaki baada ya mafungu yao kilikuwa cha kaka yangu. Mimi, binti wa ndugu yake, sirithi kitu. Silalamiki. Naeleza tu, kwa sababu nitaambiwa hivyo baadaye.

Nyumba iliendelea kukaliwa, mikarafuu iliendelea kuchumwa kwa maelewano yasiyosemwa, lakini gari halikuwa na maelewano yoyote. Lilisimama katika kichochoro kati ya nyumba zetu na njia kubwa, na kitu kisichoguswa na mwenyewe huguswa na wengine. Kwanza ulitokea mfuko mmoja wa maganda ya muhogo chini ya bampa, mtu kauacha akidhani atarudi kuuchukua. Wa pili uliona wa kwanza. Zikaja chupa, zikaja pampasi, yakaja manyoya ya kuku, na mwisho vikaja vifusi kutoka mitaa ambayo hata hatujui watu wake. Gari lilikuwa kinga: aliyesimama nyuma yake haonekani kutoka njiani. Gari la taka la baraza haliwezi kupenya kichochoroni kwa sababu pikapu imekiziba. Kwa hiyo taka hazikuweza kuondoka kabla ya gari, na gari halikuweza kuondoka kabla ya mirathi.

Niliirudia fasili yangu nikaiona haifai. Ami hakulitelekeza gari lake. Alifariki. Hakuwa na nia ya kutolirudia. Hakuachiwa nafasi ya kuwa na nia.

Nilikwenda kwa sheha. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza hali ya mama, kisha akanieleza, kwa upole usio na mzaha, kwamba lile gari lina wenyewe, na miongoni mwa wenyewe yumo yatima, na yeye hawezi kusema mali ya yatima iondolewe kwa kauli yake peke yake. Ana siku atakayoulizwa na Mungu. Nilimwambia kwamba yatima mwenyewe alikuwa ndani ya hiyo mali moto ukiwaka. Akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akanielekeza baraza la mji.

Kwenye baraza la mji nilipokewa na mama mmoja wa idara ya usafi, ambaye hakunizungusha. Alisema taka watazibeba, kifusi watakibeba, na gari wanaweza kulivuta na kuliweka katika uwanja wao, likaandikwa kwa jina la marehemu mpaka warithi watakapogawana. Kuondolewa si kunyang'anywa. Anachohitaji ni kauli ya warithi walio watu wazima, wote, hata kwa simu. Aliwahi kuvuta gari kwa kauli ya mrithi mmoja, akaja kuvutwa yeye mahakamani. Akanipa nambari yake. "Mwanangu," akasema, "winchi ninayo. Sina cha kuwasemesha watu wasiosemeshana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga. Watu wazima ni watatu tu. Mmoja nakula naye sahani moja.

Kaka yangu ni fundi wa mafriji. Nilimkuta barazani amelilaza friji la watu, anapuliza bomba. Nilimweleza yote, kwa mpangilio. Hakuinua uso.

"Wewe huna fungu pale," akasema.

"Najua."

"Basi lako nini?"

"Moshi ulipoingia chumbani mwa mama haukuuliza nani ana fungu."

Hapo akaliacha bomba. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyeguswa kidonda. Alisema yeye hana haja na gari, hata liozeshwe na mvua. Lakini akiwa wa kwanza kusema liondoke, mjane atadhani ameanza kumtoa nyumbani kidogo kidogo, leo gari, kesho kitanda. Na yule wa Gombani ataambiwa kwamba mtoto wa ami yake kalila gari la babake. "Mie naishi na watu," akasema. "Wewe utarudi chuoni na vitabu vyako." Mama, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliongeza bila kunitazama kwamba nimetumwa kusoma nilete cheti, na mambo ya gari yana wenyewe.

Nilikwenda kwa mjane. Yeye hakunikatalia, alinipikia chai. Alisema usiku halali, kila akifumba macho anauona mtandio nyuma ya kioo. Lakini mke akisema gari la mumewe liondolewe, watu watasema amemchoka marehemu, anasafisha uwanja apate kuolewa. "Na yule mkubwa ndiye anayelitaka," akasema kwa sauti ya chini. "Anangoja tu. Siku atakayokuja akalikosa, mie nimekwisha."

"Amewahi kukwambia?"

"Hajasema. Ndiyo maana najua."

Niliichukua kauli hiyo nikaenda nayo nyumbani, na nikaigeuzageuza kama ninavyofanya kwa kila kitu. Kaka yangu alijua mjane atamdhania mabaya, kwa sababu hakusema. Mjane alijua binti mkubwa analitaka, kwa sababu hakusema. Hakuna shaka kule Gombani nako palikuwa na mtu aliyejua jambo kwa njia hiyo hiyo. Watu hawa wote walikuwa wakiitunza heshima ya marehemu, na katikati ya heshima hiyo mtoto wake alikuwa amekaa juu ya pampasi za watu wengine.

Mlango wa abiria niliufunga kwa kamba ya nailoni, fundo juu ya fundo. Siku ya pili nilimkuta mtoto amekaa nyuma, juu ya bodi, miguu kaining'iniza pembeni mwa chupa zilizovunjika, juzuu mapajani.

"Si nilikwambia usije?"

"Uliniambia nisiingie ndani. Hapa nyuma hakuna mlango."

Nilimteremsha. Nilimwambia baba yake anasikia popote atakaposomewa, hata kitandani. Alifikiri. Akasema kitandani hapana harufu yake. Nilitaka kumwambia kwamba hata garini harufu ya Ami haipo tena, kwamba palikuwa na harufu ya kuku waliooza tu, lakini yeye alikuwa akinusa kitu ambacho mimi sikuweza kukinusa, na sikuona haki yangu ya kumnyang'anya. Nilichoweza ni kusimama pale. Basi nikasimama. Nilihamishia kiti changu kichochoroni, nikakaa na karatasi zangu kando ya lundo, mchana kutwa, kila siku. Nikaanza kusemwa. Wanawake wa nyuma ya ua waliniita Bi Jaa, yaani bibi wa jalala, na mmoja akauliza kama chuo kikuu kimenifungulia tawi pale. Nilimjibu kwamba nafasi za wanafunzi bado zipo.

Siku moja ikaja gari ya ng'ombe imebeba kifusi, matofali na vigae vya choo kilichobomolewa. Mwenyewe alikuwa mtu mzima kidogo, amevaa fulana ya kampeni iliyopauka. Alisimamisha ng'ombe usawa wangu.

"Dada, nipishe nimwage."

"Umwage wapi?"

"Hapo jaani."

"Hapa si jaa. Hapa ni kwa Ami yangu."

Akalitazama lundo, akalitazama gari, akanitazama mimi na kiti changu. "Basi ami yako mkarimu. Kawakaribisha watu wote."

"Ni marehemu."

"Mungu amrehemu. Lakini ng'ombe kachoka."

"Ng'ombe apumzike. Kifusi kirudi kilikotoka."

"Na wewe utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka ng'ombe wako achoke zaidi."

Nyuma ya ua watu wakacheka, na sikujua wanamcheka nani. Yeye pia akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza swali ambalo halikuwa la mzaha: akipeleke wapi? Aliyemtuma amemlipa akiondoe, hakumwambia kinakokwenda. Mahali rasmi ni mbali, na ng'ombe si lori. "Niambie wewe unayekataza kwa karatasi," akasema.

Nililiandika swali lake pembeni mwa karatasi. Lakini sikumpisha. Niliendelea kukaa pale, nikatazama mbele, mpaka akageuza. Nilijua huenda akamwaga mbele zaidi, na uwezekano huo ulinikera jioni nzima. Hata hivyo sura yangu ya tatu ilizaliwa siku ile. Niliandika kwamba baraza likitaka kumtoza faini mwenye gari ya ng'ombe ni lazima kwanza limpe mahali ambapo ng'ombe anaweza kufika. Niliandika kwamba siku ya gari la taka kupita itangazwe kwa kipaza sauti cha msikiti, maana hakuna anayesoma tangazo la ukutani. Niliandika kwamba atakayebomoa choo aulizwe kifusi kitakwenda wapi kabla hajainua nyundo. Na juu ya gari bovu nilifuta fasili yangu yote, nikaandika kwamba afisa asiulize gari limeachwa na nani, aulize nani hathubutu kulisema.

Nilipoisoma tena sentensi ile, nilisimama pale pale kichochoroni.

Kila mmoja katika wale watatu alikuwa amefungwa mdomo na fungu lake. Mjane hawezi kusema kwa sababu anarithi. Kaka hawezi kwa sababu anarithi. Wa Gombani vilevile. Mtu pekee katika ukoo mzima ambaye hakuna atakayeweza kumwita mwenye njaa ni yule asiyepata hata skrubu moja. Kaka yangu aliniambia sina fungu ili ninyamaze, na mimi, kwa muda wote ule, nililichukua neno hilo kama mlango uliofungwa. Ulikuwa mlango usiofunguka kwa ndani tu; aliye nje angeweza kuufungua.

Nilikwenda kwanza kwa kaka, nikamwambia napiga simu Gombani, na sikumwomba ruhusa. Nilimuuliza kitu kimoja: kama yule atakubali, naye atakubali? Alijifuta mikono muda mrefu. Akasema atakubali, lakini asitajwe wa kwanza. Mjane alisema hivyo hivyo, karibu kwa maneno yale yale, akainamisha kichwa. Mama aliniambia nisipige, watu watasema. Nilimjibu, kwa adabu yote niliyonayo, kwamba wameshasema, wameniita Bi Jaa, na bado sijafa.

Nilirudi kwenye kiti changu. Kamba ya nailoni ilikuwa bado mlangoni. Mtoto alikuwa amekaa karibu na miguu yangu, maana tulikuwa tumepatana kwamba atasomea pale, upande wangu, kwa sauti ambayo baba ataisikia. Niliziweka karatasi chini ya kiti, nikabonyeza nambari ya Gombani.

Simu iliita mpaka nikadhani haitapokewa.

"Dada, assalamu alaykum," nikasema. "Mimi sina fungu katika gari la Ami. Ndiyo maana ninayekupigia ni mimi."

Aliitikia salamu. Nilimweleza mlango, kioo, moshi na kiganja. Nilimweleza uwanja wa baraza na jina la baba yake litakaloandikwa. Nilipomaliza hakuuliza habari za gari.

"Ntoto hajambo?"

"Hajambo. Yupo hapa."

"Alikuwa akitafuta nini mle?"

"Akimsomea baba yenu."

Nyuma yake nilisikia kelele za wanafunzi wakitoka darasani.

"Mimi ningeanza vipi?" akasema mwisho. "Mtoto wa mke aliyeachwa, nipige simu niulize gari la baba? Nilidhani nyinyi huko ndio mnaolitaka."

"Hakuna anayelitaka, dada."

"Basi liondoke. Waambie nimesema mimi, wa kwanza, na anayetaka kunisema na anisemee Gombani." Sauti yake ilikuwa imekaza. "Na hizo taka je? Ni za nani?"

Nililitazama lundo, chupa, makumbi yaliyoungua, vigae vya vyoo vya watu nisiowajua.

"Taka niachie mimi," nikasema. "Hizo nina fungu."